Tata Lampiste na Zile Asilimia Ishirini

Siku laptop yangu ilipokataa kuvuka asilimia themanini, Tata Lampiste aliniita mbele ya watu kwa sauti ya mtu anayemwambia mwenzake kuwa mfuko wake umechanwa.

"Shefu de travo, kuya hapa. Batri yako banaikata."

"Nani anaikata, Tata?"

"Njo minakuuliza. Jua inawaka, panneau iko muzima, fil iko muzima. Kuran inaingia, inafika quatre-vingt, inasimama. Kuko mutu anakamata ingine."

Nikamweleza kwamba hakuna mtu anayeiba kuran, yaani umeme. Ni mimi mwenyewe niliyeipangia mashine isijae, kwa sababu betri za siku hizi zikiachwa zimejaa saa zote, tena katika chumba chenye joto, huchakaa kabla ya wakati wake. Alinisikiliza kwa adabu yote, akatazama kioo, akanitazama mimi, kisha akaigeukia foleni.

"Mulisikia? Mushahara banamukata. Kuran banamukata. Sasa na ye mwenyewe anajikata."

Foleni ikacheka. Nami nikacheka, kwa sababu nikiwa na hasira huwa nacheka; sina hakika kama chuo kikuu kilinipa kitu kingine.

Chumba chake kiko nyuma ya ukumbi wa parokia yetu hapa Kolwezi. Juu ya bati kuna paneli za jua zilizonunuliwa kwa michango ya waumini, na ndani kuna rafu ndefu ya mbao yenye soketi. Walimu, wanafunzi, wauguzi na makarani wa ofisi ndogo ndogo huleta mashine zao asubuhi na kuzichukua alasiri, maana mitaani kwetu umeme hukatwa kwa zamu, na zamu yetu ya kuwa gizani ni ndefu kuliko zamu yetu ya kuwa na mwanga. Yeye ndiye mlinzi wa rafu. Jina la Lampiste alitoka nalo mgodini. Enzi za kampuni alikuwa mtu wa lampisterie, chumba cha taa, pale ambapo wachimbaji walichukua taa za kofia kabla ya kushuka na kuzirudisha walipopanda. Kampuni ilipopunguza watu, alirudi nyumbani bila kazi lakini jina likabaki.

Mimi aliniita Shefu de travo kwa sababu ndicho cheo changu: chef de travaux, daraja la wahadhiri ambao hawajamaliza udaktari wao, na ambalo wengine wetu tumelizoea kama mtu anavyozoea kiti cha kungojea. Kwake yeye cheo hicho kilikuwa cha mgodini, cha mwanamume mwenye kofia ngumu na kundi la watu nyuma yake. Siku ya kwanza alitazama nyuma yangu, akaona hakuna mtu.

"Na batu bako ba kazi beko wapi?"

"Nina wanafunzi, Tata."

"Banachimba nini?"

Nikamkabidhi laptop, nikaondoka.

Namwandika sasa nikiwa na uchungu, kwa sababu mwaka huu komite ya parokia ilimpa chaguo: akubali kwamba kila mashine iishie themanini, au aache chumba. Na mimi, kwa kuwa nimesoma, nikateuliwa kumpelekea habari hiyo. Waliponiteua walinisifu kwa muda mrefu, na nilipaswa kushtuka hapo hapo.

Komite ilikuwa na sababu, na sitaificha. Betri kadhaa zilikuwa zimevimba. Mashine ya katibu wa shule ya msingi iliinuka kibodi kama mkate tanurini. Ya muuguzi mmoja haikufunga tena. Aliibeba ikiwa imeachama kama mtu anayepiga miayo. Sababu ilikuwa mafundisho ya Tata Lampiste mwenyewe. Kwake, mashine ilipofika rafuni iliunganishwa na waya, na waya haukutolewa mpaka mwenyewe arudi. Hata kama imejaa tangu saa nne, iendelee kunyonya. Hata kama ni Jumamosi na mwenyewe amesafiri kwenda Dilolo kununua samaki, iendelee kunyonya. Kumwambia achomoe ilikuwa kama kumwambia amwondolee mgonjwa dripu.

Niliichelewesha ile habari kadiri nilivyoweza. Kila nilipofika chumbani nikiwa nimeyapanga maneno, nilimkuta katika jambo lingine la tabia yake, nikasahau nilichotumwa.

Alikuwa na jetoni, kwa mfano. Vipande vya bati alivyokata kutoka kwenye makopo ya maziwa, kila kimoja na namba iliyogongwa kwa msumari. Ukiacha mashine unapewa kipande, ukirudisha kipande unapewa mashine, na nafasi yako rafuni ni yako hata usipokuja mwezi mzima. Mwalimu mmoja mgeni aliweka yake kwenye nafasi iliyokuwa wazi. Ikatolewa, akarudishiwa mikononi.

"Ile nafasi iko na mutu."

"Lakini hakuna mashine, Tata!"

"Hamuna mashine, iko na mutu. Ameshuka."

Ndivyo alivyosema siku zote. Aliyechukua mashine yake ameshuka; aliyeirudisha amepanda. Mji wote wa Kolwezi, na soko lake na makanisa yake na malori yake, kwake yeye ulikuwa chini ya ardhi. Mhasibu mmoja alipopotea kwa muda mrefu bila kuleta mashine, Tata Lampiste alifunga chumba akatembea mpaka kwake, upande wa pili wa mji, kuuliza kama yuko hai. Alimkuta kwenye kiti cha uani, miguu juu ya stuli, mashine inachajiwa kwa jenereta ya jirani. Alimtukana mbele ya mke wake mpaka mke akaingia ndani kuficha kicheko. Kisha akanywa maji aliyopewa, akasema anashukuru Mungu, akarudi kwa miguu.

Spika hakuzipokea. Kiongozi wa kwaya alimletea spika kubwa ya kuchaji kabla ya Jumapili.

"Baffle haishuke chini," akasema.

"Tata, hii ni baffle ya Mungu!"

"Mungu anasikiaka bila baffle. Ni nyinyi hamusikie."

Na huyo huyo alikuwa anaimba besi katika kwaya hiyo hiyo, na Jumapili ile spika ilipozimika katikati ya wimbo wa sadaka, yeye ndiye aliyelalamika kuliko wote kwamba parokia haina utaratibu. Simu hakuwa nayo na aliidharau, lakini ukiwa na habari mpya ya mji alikuwa tayari ameshaisikia. Kampuni iliyomtoa kazini aliilaani kila siku, kwa majina ambayo hayafai nyuma ya ukumbi wa parokia, ila mgeni akithubutu kuilaani pamoja naye, alimkatiza: "We unajua nini juu ya kwetu?"

Aliwachukia zaidi watu wa kamera. Huja hapa mara kwa mara, na wote wameshaiandika hadithi yao kabla ya kushuka kwenye gari: kobalti ya betri za dunia nzima inatoka chini ya miguu yenu, na nyinyi wenyewe mko gizani. Ni kweli, na mimi nimeiandika mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu wa umri wangu. Mmoja wao alimwomba Tata Lampiste ashike laptop kifuani, asimame mlangoni, aonekane mwenye huzuni.

"Huzuni ya nini?" akauliza. "Mi niko ku kazi."

Mkalimani akatafsiri. Mtu wa kamera akasema basi asitabasamu tu.

"Sikutabasamu. Ile njo sura yangu. Ambia ye, kama anatafuta huzuni, aende ku komite."

Hasira yake haikuwa ya kobalti, basi. Ilikuwa ya karibu zaidi. Nyaya kubwa zinapita juu ya mtaa wetu kuelekea migodini, zikinguruma usiku na mchana, na chini yake transfoma yetu moja imeungua tangu msimu wa mvua uliopita, na iliyobaki hutugawia kwa zamu. Tunaambiwa tuvumilie, mgodi hauwezi kusimama. Sawa, hauwezi. Lakini mwanafunzi anayeandika kazi yake ya kumaliza masomo kwenye mashine iliyobakiza robo, yeye anaweza kusimama? Mbona uvumilivu unagawiwa kwa wingi upande mmoja tu? Mimi huyaandika maswali kama haya kwenye makala, nikayasoma tena na kuyaona mazuri, kisha betri inakwisha kabla sijayatuma. Tata Lampiste hakuwa na maswali. Alikuwa na neno moja ambalo hakutaka lisemwe chumbani mwake, nalo ni *inatosha*.

Kisa chake alinieleza mara moja tu, akiwa amenipa mgongo, anafuta vumbi. Siku moja lampisterie ilikuwa na taa ambayo haijajaa. Aliiweka kando. Kapita, yaani msimamizi wa zamu, akaichukua akampa mchimbaji. "Poste ni fupi," akasema kapita, "inatosha." Poste, yaani zamu, haikuwa fupi. Huko chini kulitokea kuchelewa, wenzake wakatangulia kwa njia nyingine, na yule mchimbaji taa ikamfia. Akakaa pale alipokuwa, kwa sababu mtu asiye na mwanga chini kule hapigi hata hatua. Akakaa mpaka walipomrudia.

"Akafa?" niliuliza.

"Hapana. Akapanda. Akanirudishia taa, akaweka hapa, polepole." Aligusa rafu. "Tangu ile siku hakunisalimia tena. Tulikuwa tunasali kanisa moja. Sikumukosea mi, ni kapita. Lakini taa ilitoka mu mukono yangu."

Baada ya kusikia hayo niliirudia komite nikawaambia tatizo si ukaidi wa mzee. Niliwaambia pia jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma: betri haidhuriki kwa kujaa, inadhurika kwa kukaa imejaa muda mrefu, hasa kwenye joto. Kwa hiyo ziishie themanini mchana, na anayesafiri ajaziwe saa ya mwisho kabla ya kuondoka. Prezida wa komite, mtu mwema, mwenye viatu visivyo na vumbi katika mji wenye vumbi kama huu, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Profesa, tutauliza kila mutu anaenda wapi? Ni désordre, fujo tupu. Quatre-vingt kwa bote. Inatosha."

Kisha, Tata Lampiste alipokwenda matangani upande wa Fungurume, komite ilimwingiza fundi kwa ufunguo wa akiba. Akapita mashine moja baada ya nyingine, akaweka kikomo, bila kumuuliza mwenye mashine hata mmoja. Maneno ya siri hayakumsumbua. Wengi wetu tumeyabandika chini ya mashine zetu kwa karatasi ya gundi.

Hapo sikuwa na la kuchelewesha tena. Nilikwenda alasiri, wakati watu wanaanza kurudi. Nilimkuta amesimama katikati ya chumba, mikono nyuma, anazitazama namba kwenye vioo.

"Angalia," akasema. "Zote quatre-vingt. Zinasimama sawa baaskari. Nilienda kuzika mutu, narudi, banakata kila mutu."

"Tata, ni komite. Wamenituma nikuambie."

"Uniambie nini?"

Nikamwambia yote: kwamba akikubali atabaki, na asipokubali wataweka mtu mwingine. Hakunitazama. Akauliza tu kama ni kweli kwamba batri zimevimba kwa sababu yake, au ni maneno ya watu.

"Ni kweli, Tata. Hizi si kama taa zenu. Mtu akila akashiba, hakuna ubaya. Sasa umwambie akae mezani aendelee kutafuna mpaka jioni. Na chumba kina joto. Atavimba."

Akafikiri. "Kumbe njo ile. Zetu zilikuwa zinakaa pale mupaka sirene ya poste inalia, na hazisemi kitu." Akazitazama mashine kwa macho mengine, kama mtu aliyegundua kwamba wageni wake hawali chakula alichokuwa anawalazimisha. "Lakini kushiba, inaweza kushiba?"

"Inaweza. Karibu na kuondoka."

"Komite inajua?"

"Niliwaambia."

"Banasema nini?"

Nilitafuta neno lingine. Nina digrii ya lugha, na sikulipata.

"Wanasema inatosha."

Nje, watu watatu au wanne walikuwa wameshajipanga mlangoni na jetoni zao. Kisha akaniuliza, kwa upole ulionitisha, "Prezida iko na groupe kwake?"

"Jenereta anayo, ndiyo."

"Njo juu ya ile inamutosha." Akatoa ufunguo kwenye mfuko wa koti lililotundikwa, akauweka juu ya rafu. "Ambia bo: mi siwezi kumupa mutu mashine, nimuambie inatosha, na sijue kwenye anaenda. Batafute mutu mwingine."

"Tata, tafakari kwanza."

"Ninatafakari tangu ulikuwa ku école primaire."

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa msichana anayesomea uuguzi, begi la safari begani. Alikuwa anapanda treni kesho yake kwenda Mutshatsha kwa mafunzo ya kazi, kwenye zahanati ambayo haina umeme, na ripoti yake ilipaswa kuandikwa huko huko na kusainiwa na muuguzi mkuu kabla hajarudi. Bila ripoti, angerudia mwaka. Alitoa jetoni, akapokea mashine, akaangalia kioo.

"Tata, leo haikuyaa? Quatre-vingt tu?"

Alinigeukia mimi.

"Shefu de travo, yako uliiweka quatre-vingt we mwenyewe. Unajua kuitosha?"

"Najua," nikasema; kwetu huku kutosha ni kutoa vilevile.

"Onyesha ye. Mi usinionyeshe, mi namaliza kazi."

Tukaiweka mashine juu ya rafu, tukairudishia waya. Ni kazi ya kubonyeza sehemu chache: unafungua mipangilio, unaitafuta betri, unakuta pale palipoandikwa kikomo, unakiondoa. Nilimwambia asiguse mpaka aelewe. Nikamweleza akiwa mjini akirudishe, akiwa safarini akitoe, kwamba mashine ni yake na uamuzi ni wake. Alibonyeza mwenyewe. Namba ikakaa kidogo, kisha ikawa themanini na moja.

"Ah!" akasema aliyekuwa nyuma yake, karani mmoja mnene. "Kumbe inatokaka! Na mi je?"

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Siende popote. Lakini nataka kujua."

Hilo nalo lilikuwa jibu zuri. Nikamwonyesha. Akaondoa kikomo, akafurahi, akakirudisha, akaondoka na themanini zake. Mwalimu aliyemfuata alikuwa na mitihani ya kuandaa na mtaa wake ulikuwa gizani. Yake tukaiacha ijae. Walioelewa wakaanza kuwaelekeza waliofika, na kila mmoja akaeleza kwa namna yake, wengine vibaya, wakasahihishana kwa kelele.

Tata Lampiste hakutazama vioo tena. Alikuwa anapita kando ya rafu upande wa pili, na nilipogeuka nikaona anachofanya: alikuwa anachomoa waya. Mashine ambazo wenyewe hawaji leo, ile ya aliyesafiri, ile ya aliye kilioni, alizichomoa moja moja na kuukunja waya juu ya kila moja, kwa uangalifu, kama mtu anayewafunika watoto shuka. Kisha akavaa koti.

Hapo ndipo prezida wa komite alipoingia. Alisimama mlangoni na viatu vyake safi, akawaona watu wameinama juu ya mashine, akaona namba zinapanda, themanini na tisa, tisini na mbili, akaona ufunguo umelala juu ya rafu.

"Nani anabafundisha ile?" akauliza. "Minasema, nani?"

Tata Lampiste alikuwa anafunga kifungo cha mwisho cha koti. Alinielekeza kwa kidevu.

"Ni huyu," akasema, akatoka.

Nimefundisha chuoni miaka mingi, na sikumbuki mkubwa yeyote aliyewahi kukasirishwa na somo langu. Nikamwambia prezida anisubiri kidogo, foleni bado ilikuwa na watu.